Maji ya Katikati

Siku mliponiaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na maneno mengi mazuri, halafu yule mdogo wenu anayefundisha Uraia na Maadili akanivuta pembeni akasema, "Mama, tuandikie basi jinsi ulivyofanya kazi, na sisi tujifunze." Nilicheka. Sasa nimekaa nyumbani Korogwe wiki ya sita, saa yenu inanipigia kelele ukutani, na nimegundua kwamba kitu ninachokijua kweli kweli katika kazi hii ni kimoja tu, nacho nilikijua kwa kukosea. Nitawaandikia hicho. Vyeo na vyeti vya kushiriki semina mtavipata wenyewe.

Nilifundisha afya. Somo lenyewe limebadilishwa jina hata nimechoka kuhesabu: mara liko ndani ya Sayansi, mara Haiba na Michezo, mara Stadi za Kazi, mara Afya na Mazingira. Kila jina jipya tuliitwa semina, na kila semina tulikula wali na kuku. Tuliporudi shuleni mtoto alikuwa yule yule, na kucha zake zile zile.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Babu zangu wote wawili waliletwa kukata mkonge, mmoja kutoka kusini, mwingine kutoka magharibi huko, wakakutana kambini, watoto wao wakaoana. Sisi wajukuu tukakua tunaongea Kiswahili tu. Krismasi tulikula kwetu, Idi tukala kwa jirani, na unyago wa kabila lolote hatukuujua. Likumbukeni hilo la unyago, maana lilikuja kunifungia mlango usoni.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Hale, karibu na nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya umeme. Siku ya kwanza kabisa niliingia darasa la pili na andalio la somo nililoliandika mara tatu: kunawa mikono. Nikawatoa watoto nje, nikafungua bomba, maji yakaja. Wakanawa, wakarushiana, tukaimba, kengele ikalia. Nikajiona mwalimu kweli kweli! Miaka yote ya Hale sikuwahi kujiuliza maji yanatoka wapi, kwa sababu yalitoka bombani.

Zana zangu zilikuwa kitambaa cheupe cha kupitisha shingoni mwa mtoto kuona kama ameoga, kioo kidogo cha kumwonyesha meno yake, fimbo, na wembe wa kukatia kucha. Wembe mmoja, darasa zima. Mnanisikia? Mmoja! Nikatae vipi, nilikuwa naufuta kwenye sketi na kuendelea na mtoto anayefuata, na hakuna mkubwa aliyeniambia kitu. Siku niliyohudhuria mafunzo ya kwanza ya Ukimwi nilikaa kwenye benchi la nyuma nikihesabu vidole vya watoto wa watu. Mungu alinisitiri, sijui kwa nini. Lakini ningekuwa na akili, siku hiyo ningejifunza kwamba mwalimu wa afya naye anaweza kuwa ugonjwa.

Kisha mume wangu akahamishiwa Handeni, nami nikaomba kumfuata. Nikapangiwa shule moja upande wa Sindeni. Jina lake nitalihifadhi, walimu wa sasa hawana kosa.

Nilifika na andalio langu lile lile la kunawa mikono. Nikawatoa nje darasa la tatu, nikaangaza macho kutafuta bomba. Watoto wakaniangalia. Nikauliza, "Maji yako wapi?" Msichana mmoja mwembamba, kichwa kimenyolewa, akainua mkono akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, leo siyo siku ya maji." Nilidhani anatania. Nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mhina, mzee wa pale, Mzigua wa hapo hapo, aliyekuwa amefundisha hata baadhi ya wazazi. Akaniambia bila kuinua kichwa kwenye madaftari, "Maji huku yana siku zake, mwalimu. Kaa kwanza. Kabla ya kuwafundisha hawa kitu, nenda ukaone wanakoyatoa." Nikamwitikia vizuri, na sikwenda.

Badala yake nikaanzisha mpango. Nilikuwa kijana, nina nguvu, na nimetoka semina. Kila mwanafunzi wa kuanzia darasa la tatu alete dumu la lita tano Jumatatu na Alhamisi. Tukatengeneza vibuyu chirizi, yaani madumu madogo yaliyotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti kwa kamba, unakanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika unanawa. Tukapanga kumi na viwili nje ya vyoo. Wakubwa wa elimu walikuja wakapiga picha. Nilitabasamu kwenye picha ile mpaka leo najionea aibu.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa bomba, nilitaka maji safi. Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi asubuhi, mstarini, kabla ya kucha na meno, nilikagua madumu. Nikifungua dumu nikakuta maji yana matope, nayamwaga pale pale chini mbele ya shule nzima, na mwenye dumu anarudi kuchota mengine. Nilisema, "Hatunawi tope hapa!" Watoto wakacheka, yule mmoja akaondoka na dumu lake tupu kichwani. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyeleta tope tena. Maji yote yalikuwa meupe. Nikajisifu ofisini, na Mwalimu Mhina akaniuliza, "Wanayatoa wapi hayo?" Nikamjibu kwa ujuvi, "Wamejifunza."

Yule msichana mwembamba wa siku ya kwanza aliitwa Sauda. Alilelewa na bibi yake, Bi Mwantumu, mjane, mkulima wa mahindi na mihogo, mtu anayeheshimika kijijini pale. Hapakuwa na mtoto aliyeleta maji mazuri kumshinda Sauda. Ungeweza kusoma gazeti kupitia dumu lake. Nikamfanya kiongozi wa afya, nikampa beji niliyoikata kwenye boksi.

Mwaka wangu wa pili, Sauda akiwa darasa la nne, umri miaka kumi, alinifuata stoo nikihesabu chaki. Akasimama mlangoni anazungusha upindo wa sketi. "Mwalimu, nimetoka damu." Akanionyesha kitambaa kidogo chenye doa.

Jamani, nilifurahi! Semina zote tulikuwa tunaambiwa wasichana wanaficha, wanaogopa, wanakimbia shule, na huyu wangu kaja mwenyewe kuniambia. Nikaona kazi yangu imezaa. Nikamkumbatia, nikamwambia, "Hongera mwanangu, umekuwa msichana mkubwa." Nikampa kitambaa safi na sabuni, nikamweleza mambo ya siku ishirini na nane, nikachukua karatasi nikamwandikia bibi yake barua fupi: mjukuu wako amevunja ungo, mtunze.

Sikumuuliza swali hata moja. Damu imetoka wakati gani? Inauma ukikojoa? Maswali mawili tu, yasingechukua hata dakika. Mtoto hana hata dalili ya kifua, mabega ya kitoto kabisa, na mimi mwalimu wa afya nimesimama na chaki mkononi nampa hongera.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Nikauliza. Mwalimu Mhina akasema, "Yule ametiwa ndani. Sasa ni mwali." Akanieleza utaratibu: msichana akishaona damu anawekwa ndani, hatoki juani, anafundwa na kungwi wake, na hakuna anayeingia alipo ila wanawake waliochezwa unyago. Ikifika siku anatolewa kwa ngoma, amepakwa mafuta, amevaa kanga mpya, na hapo ni mtu mzima. "Na shule?" nikauliza. Akavua miwani. "Mwali aliyetolewa ni shida kumrudisha kukaa dawati moja na watoto. Wengine wanarudi. Wengi hapana. Na wachumba hawachelewi."

Iliniuma, lakini nikajiambia, kama amekua amekua, nitakwenda kuzungumza na bibi yake. Nikaahirisha. Wiki ikapita, nyingine ikapita.

Wiki ya tatu nilikuwa darasa la sita, somo la mabadiliko ya mwili wakati wa kubalehe. Nimechora ubaoni, upande huu wasichana, upande huu wavulana. Nikafika kwenye hedhi, wasichana wameinamia madawati kama kawaida. Mvulana mmoja, Rajabu, mtoto mwerevu na asiye na utani, akainua mkono. "Mwalimu, mbona kwa wavulana hujaandika?"

"Sijaandika nini?"

"Damu."

Darasa halikucheka. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kwamba hakuna aliyecheka. Nikamwambia wavulana hawatoki damu. Rajabu akaniangalia kama mimi ndiye nisiyejua. "Tunatoka, mwalimu. Ukikojoa, mwishoni. Baba alisema ndiyo ukubwa umeanza."

Nikauliza, "Nani mwingine?" Mikono ikapanda. Si miwili mitatu. Safu nzima ya nyuma, kisha ya kati, kisha mmoja mmoja mpaka mbele. Wavulana wameinyoosha kwa fahari. Na waliobaki chini wameona haya, kwamba wao bado ni watoto!

Niliweka chaki mezani. Nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja ofisini nikamkuta Mwalimu Mhina anakunywa chai. Nikamwambia. Akaweka kikombe. "Kwani si kawaida? Mimi mwenyewe ilinianza nina miaka kumi na moja. Baba alinichinjia kuku."

"Mwalimu Mhina! Hicho ni kichocho!"

"Kichocho nakijua, ni cha ziwani."

"Ni cha hapa!"

Tulitazamana. Mtu mzima, ana nywele nyeupe, kafundisha miaka yote ile, na ameishi na kuku yule moyoni. Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hapo hapo lilinijia jambo jingine, nikakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu bila ruhusa. Sauda. Yarabi toba, Sauda!

Mtoto wa miaka kumi, mabega ya kitoto, damu kwenye kitambaa. Na barua yangu.

Nilifika kwa Bi Mwantumu jua limepanda, nikiwa nusu nakimbia. Alikuwa anapepeta mahindi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniletea kigoda. Uani kulikuwa na wanawake wawili wanatwanga, na ngoma mbili zimeegemezwa ukutani zinaota jua. Nilipoona zile ngoma nikajua siku imekaribia.

"Bibi, nimekuja kumwona Sauda."

"Huwezi kumwona, mwalimu. Umechezwa?"

"Sijachezwa."

"Basi zungumza hapo hapo, atakusikia."

Mlangoni palikuwa na pazia la kanga. Nyuma yake nikasikia mtu anasogeza mguu. Nikashusha sauti, nikamweleza bibi kila kitu, kwamba pengine ile damu siyo ya ukubwa, pengine ni ugonjwa wa kwenye kibofu, na nilikosea kuandika ile barua. Wanawake wakaacha kutwanga. Bi Mwantumu akaendelea kupepeta polepole, halafu akasimamisha ungo.

"Mimi nilimwangalia huyu mtoto," akasema. "Nikamwambia kungwi, huyu mbona bado? Kifua bado, na damu yenyewe kidogo kidogo, kila siku, wala haikomi. Kungwi naye akasema, mbona bado. Tukakaa siku mbili tunajiuliza. Lakini barua ya mwalimu ilikuwa hapa." Akapiga kifua pale alipofunga upindo wa kanga. "Mimi sikusoma. Mwalimu wa afya kasema amekua. Nani wa kubishana na mwalimu?"

Nimepigwa maneno makali maishani, na wazazi, na wakaguzi, hata na mume wangu. Hakuna yaliyoniingia kama yale, na hakuyasema kwa ukali. Bibi na kungwi, ambao hawakusoma hata kidogo, walikuwa wameona kwa macho yao kile nilichoshindwa kukiona na cheti changu. Wangeachwa wenyewe, mtoto angekuwa shuleni.

Nikaomba mkojo ukapimwe. Hapa niwape jambo la kazi, mliandike: mkojo wa kutafuta kichocho uchukuliwe mchana, saa sita hivi, na mtoto arukeruke kwanza, ndipo mayai ya mdudu yanatoka kwa wingi. Nikamweleza bibi hivyo. Akanikata jicho. "Mwali haruki."

"Bibi, nakuomba."

Wakaongea Kizigua wote watatu, nisielewe hata neno, na mmoja akaingia ndani. Kisha nyuma ya pazia tukasikia puu, puu, puu, miguu miwili midogo inaruka sakafuni, na baadaye kidogo kicheko kikamponyoka, kile cha mtoto aliyefichwa wiki tatu na leo ameruhusiwa kucheza. Bi Mwantumu aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

Nilikiweka kichupa cha mkojo kwenye mkoba nikapanda pikipiki hadi kituo cha afya mjini. Mtaalamu wa maabara, kijana mpole, alitazama kwenye hadubini yake hakuchukua hata muda. "Njoo uone mwenyewe, mwalimu." Nikainama nikaona yai limechongoka mwishoni, lina mwiba. Mengi. Akasema, "Huyu anashinda majini huyu. Anaoga mtoni?"

"Wapi! Huku hakuna mto. Huyo ni mtoto wangu msafi kuliko wote."

"Anaingia majini," akasema tena. "Mdudu huyu anaingilia kwenye ngozi. Hana njia nyingine."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana naye kichwani. Nikafika, nikakaa kwenye kigoda changu mbele ya pazia, nikamwambia bibi, ni kichocho, kina dawa, vidonge vya siku moja tu. Akafumba macho akashukuru Mungu. Kisha nikauliza kwa pazia, "Sauda mwanangu, huwa unaingia majini wapi?"

"Lamboni, mwalimu." Sauti ilikuwa ya furaha, amefurahi kuulizwa. "Naingia mpaka hapa." Hakukumbuka kwamba simwoni. "Mpaka kiunoni. Ya pembeni ng'ombe wameyavuruga, yana tope. Ya katikati ndiyo meupe. Wote tunaingia katikati siku za kuleta maji shuleni, tunapokezana. Ya pembeni si ungeyamwaga?"

Niliona madumu yote, Jumatatu na Alhamisi, yamepangwa mstarini, meupe. Niliona beji ya boksi. Kichocho kilikuwapo kabla yangu, kuku wa Mwalimu Mhina ni shahidi, lakini zamani waliingia lamboni wavulana watukutu wa kuogelea. Mimi ndiye niliyewaingiza wasichana, na wadogo, na waoga, mara mbili kwa wiki, kwa jina la afya! Miaka miwili nilimwaga maji ya pembeni, na sikuwa nimetembea hata siku moja kwenda kuliona lile lambo.

Pazia likauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mimi bado mtoto?"

"Bado, mwanangu. Bado mtoto kabisa."

"Aa," akasema. Akavuta pumzi. "Nilikuwa nadhani rede sitacheza tena."

Bi Mwantumu alinitazama. "Uliyasema kwa barua," akaniambia, "lakini mimi nimewaambia watu kwa mdomo. Kuna watu wa Chanika wameshauliza habari zake, wanataka kuposa. Sasa kesho nitawaita wanawake wenzangu, nawe utasimama hapa uani uwaambie umekosea. Ukiwaambia wewe, ataweza kutoka bila kuchekwa."

Kesho yake nilisimama. Wanawake kama thelathini, wamekaa kwenye mikeka, na kungwi mbele. Nilisema kwa Kiswahili, bibi akatafsiri, na nilihisi tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yangu. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu hakujua?" Nikasema, "Sikujua, na sikuuliza." Kungwi akatikisa kichwa, akainuka, akaingia ndani, akamtoa Sauda kwa mkono wa kushoto, bila ngoma, na gauni lake la zamani. Mtoto alikuwa amepauka kwa kukosa jua, anafinyafinya macho.

Wiki iliyofuata wahudumu walikuja shuleni na vidonge. Walikuwa na mti mrefu uliochorwa mistari. Mtoto anasimama, kimo chake kinasema ameze vidonge vingapi. Vikubwa, vichungu, na lazima mtoto awe amekula, la sivyo atatapika. Tulipika uji wa kutosha shule nzima. Wavulana walinuna siku nyingi kwa kuambiwa kwamba ukubwa wao ulikuwa mdudu. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Mwalimu Mhina, kavua kofia, kasimama wima kwenye ule mti. Akameza, akasema, "Baba yangu ananidai kuku."

Mstarini niliwaambia watoto kwamba nimekosea mimi, na dumu la tope halitamwagwa tena. Mwalimu Mhina akatufundisha kutupa kopo lenye kamba kutoka ukingoni, mtu asikanyage maji, na tope tukaliacha litulie kwenye pipa, tukachuja kwa kitambaa. Baadaye tukaanza kukinga maji ya bati. Jumamosi ya kwanza nilikwenda lamboni kwa miguu yangu. Ni mbali. Ilinichukua saa nzima na ushee, dumu tupu, na nilikuwa mtu mzima mwenye viatu. Tangu siku hiyo, kila shule niliyohamia, kabla sijagusa chaki nilitembea kwanza mpaka kwenye maji yao. Walimu wenzangu walidhani nina nadhiri.

Sauda alirudi darasa la nne. Walimchekacheka siku mbili, akawapiga rede mpaka wakanyamaza.

Miaka mitatu baadaye, alipokuwa amekwisha kufanya mtihani wa darasa la saba, Mwalimu Mhina aliyekuwa ameshastaafu alinijia nyumbani. "Bi Mwantumu anakuita. Amesema nikwambie hivi hivi: safari hii ameangalia mwenyewe."

Nilikwenda. Uani palikuwa pamefagiwa, ngoma zile mbili zinaota jua. Nikaketi kwenye kigoda changu nje ya pazia, mahali pangu ninapopajua. Bi Mwantumu akasema, "Atatolewa kabla ya matokeo. Akichaguliwa sekondari, anakwenda. Nimeshawaambia watu, wa Chanika na wasio wa Chanika." Kisha akainua pazia la kanga kwa mkono wake, akalishikilia.

"Ingia."

"Bibi, mimi sijachezwa."

"Najua," akasema. "Ingia."

Nikavua viatu, nikaingia.